Katoni Iliyofungwa kwa Isale

Nilikuwa nafunga duka ili niwahi maziwa. Mama anayeuza maziwa mtaani kwetu ana tabia moja: giza likianza kuingia anaongeza maji, tena bila aibu, kwa sababu anajua sisi tunaochelewa hatuna pengine pa kwenda. Kwa hiyo nilikuwa na haraka. Mashine zote nimezima, kibodi nimezifunika, kufuli liko mkononi. Mvua ya masika ilikuwa imepiga tangu mchana na sasa imekata, na ukungu umeshuka kutoka mlimani mpaka huku mjini Moshi.

"Hodi, dada."

Sikumsikia akija. Nilipogeuka alikuwa amesimama nje kidogo ya mwanga wa taa, kijana wa miaka thelathini hivi, kofia ya sufu ameivuta mpaka kwenye nyusi. Miguuni kwake kulikuwa na katoni kubwa.

"Nimeshafunga, kaka."

"Sitakaa. Ni kompyuta. Nataka uiwekee Windows."

"Ni ya nani?"

Akaitazama katoni.

"Ni mtumba," akasema.

Katoni ilikuwa imechakaa, kona moja imeloa na kuchanika. Ilifungwa kwa kamba za magome makavu ya mgomba, na juu, pale kamba zinapokutana, alikuwa amechomeka jani bichi la isale, limepigwa fundo. Nilicheka moyoni. Nikadhani kamba zimemwishia njiani akachuma chochote kilichokuwa karibu.

Msomaji asiye wa mlimani huenda hajui. Isale ndilo tunalopanda kwenye mipaka ya vihamba vyetu, mashamba ya ukoo, na ndilo tunaloombea msamaha. Mtu akikukosea kosa zito, ukoo wake hukuletea isale lililopigwa fundo. Ukilipokea mkononi umesamehe, hakuna tena kesi. Lakini huletwa na wazee, mchana, wakiwa na mbege, pombe yetu ya ndizi, na maneno ya heshima. Haliletwi na kijana mmoja jioni, juu ya katoni ya kompyuta. Kwa hiyo sikuliwazia kabisa.

Niliinama nikainua katoni kwa mikono miwili. Ilikuwa nzito kuliko nilivyotegemea.

"Umepokea, dada?"

"Nimepokea. Huoni mikono yangu iko wapi?"

"Umepokea kweli?"

"Kaka, unataka na makofi?"

Hakucheka. Akaniambia jina lake ni Rogath, wa Mwika, huko mlimani, nikifika kanisani niulize kwa Mama Rogath. Nikaingia ndani kuweka katoni mezani. Nilipogeuka kumuuliza namba ya simu, mlangoni hapakuwa na mtu. Palibaki harufu tu... udongo uliofukuliwa sasa hivi, na utomvu wa mgomba.

Nikakumbuka kitu kimoja nikiwa njiani kwenda kwenye maziwa. Viatu vyake havikuwa na tope. Siku ile mji mzima haukuwa na kiatu kisicho na tope.

Maziwa nilikuta yameshaongezwa maji.

*

Asubuhi yake, kabla sijafungua dirisha, Elinipendo akaniita. Elinipendo ni fundi cherehani, meza yake iko kwenye baraza tunayochangia, na macho yake hayapitwi na kitu.

"Gladys, jana ulikuwa unamgombeza nani?"

"Mteja."

"Mteja gani? Nilikuwa hapa nakunja vitambaa. Nimekuona umetoka, umeinama, umebeba katoni. Halafu ukawa unacheka peke yako." Akaniangalia vizuri. "Umekula?"

Nikamwambia ni ukungu umemziba macho. Akaguna.

Wateja wapya wakiingia dukani kwetu huuliza fundi yuko wapi, na mimi huwaambia ametoka, nione watasubiri mpaka saa ngapi. Fundi ni mimi. Duka tulilianzisha na mume wangu, Kornel. Yeye alikuwa mnunuzi na msemaji, mtu wa kucheka na kila mtu. Mimi na bisibisi, yeye na maneno. Kompyuta za mtumba alizifuata Taveta, ng'ambo ya mpaka, zilikuwa zinashuka huko kutoka Nairobi kwa bei ya kuongea.

Safari yake ya mwisho alikwenda kufuata mashine moja tu. Basi likaharibika upande huu wa Himo, na kwa vile Kornel alikuwa hajui kusubiri, akaitia katoni begani akaanza kutembea. Walimkuta asubuhi mtaroni. Gari lililomgonga halikujulikana, na kompyuta haikuonekana. Miaka miwili sasa.

Nitasema kitu ambacho sijamwambia hata Elinipendo. Miaka miwili hiyo nimeishi kwa neno moja. Askari aliyeniita alilisema, daktari akalisema, mchungaji akalirudia mbele ya jeneza: hakuteseka, alikufa palepale. Neno hilo ndilo nililolalia na ndilo nililoamkia. Kila nikifikiria lile giza na ule mtaro, nilijiambia kwamba yeye hakuviona. Ndiyo maana niliweza kula. Ndiyo maana niliweza kufungua duka.

Basi nikaifungua katoni ya Rogath. CPU nyeupe iliyogeuka njano, ya kawaida kabisa. Uso wa mbele ulikuwa na tundu, kile kifuniko cha plastiki cha nafasi ya CD ya pili kimeondoka. Isale nililitia kwenye glasi ya maji dirishani, maana lilikuwa zuri na sipendi kutupa kitu kibichi. Nikachomeka waya, nikawasha. Ikawaka. Nikatia CD ya Windows 98.

Ilianza vizuri. Ule mstari wa buluu ukawa unatembea, mafaili yanaingia moja moja. Ukafika karibu na mwisho.

Ukasimama.

Kik... kik... kik... ikalia ndani. Halafu kioo chote kikageuka buluu, maandishi meupe, kwamba faili fulani halisomeki.

Sikushtuka. Nikiwa mkweli nilitukana kidogo. CD zetu nyingi zilikuwa za kunakili, zina mikwaruzo, kwa hiyo nikatia nyingine. Ikaenda, ikasimama palepale. Nikabadilisha kisomea CD. Palepale. Nikabadilisha waya wa kutoka kwenye diski. Palepale. Nikaitoa diski yenyewe nikaweka yangu ninayoijua, nzima, isiyo na kasoro. Mstari ukatembea mpaka karibu na mwisho.

Kik... kik... kik...

Mpaka hapo jioni ilikuwa imeingia, na Elinipendo ameshaondoka. Nimeinamia mezani, bisibisi mdomoni.

"Hodi, dada."

Sauti ileile, ya chini. Nikasema karibu bila kuinua kichwa. Nikaenda mlangoni.

Hakuna mtu. Ukungu tu, na ile harufu.

Siku ya pili ikawa hivyohivyo. Mchana mashine inakataa kwa namna ambayo fundi anaielewa, jioni inakataa na mlango unabishwa. Nilianza kuwasha redio ikifika saa kumi na mbili. Nikafungulia kwaya, kwa sauti ya juu kabisa. Katikati ya kwaya, taratibu, kama mtu aliyeweka mdomo karibu na sikio langu...

"Umepokea, dada?"

Nilitoka mbio. Kufuli nilifunga, redio nikaiacha inaimba ndani.

*

Asubuhi ya tatu niliamka na hasira badala ya hofu. Mimi ndivyo nilivyo, hofu yangu haikai sana, inageuka ugomvi. Nikajiambia: kilichobaki ni memori. Memori mbovu hufanya hivyo hasa. Mashine inawaka, inaongea vizuri, lakini ukiipa kazi kubwa ya kubeba mafaili inayaangusha njiani. Nikafungua kifuniko chote, nikaiegemeza mashine upande, nikashika raba ya penseli ya kusafishia meno ya memori.

Kipande kimoja kilikuwa kimekaa upande. Kidogo sana, usingekiona bila taa. Kuna kitu kilikuwa kimejibana chini yake, kati ya memori na kitako chake. Nikachukua koleo ndogo, nikavuta polepole.

Kikatoka.

Kifungo. Kifungo cha koti, cha kahawia, chenye matundu manne, na kipande cha kitambaa bado kimeshikilia nyuma.

Uzi wake ulikuwa wa kijani.

Sijui nilikaa chini saa ngapi. Niliposhtuka nilikuwa sakafuni, mgongo kwenye ukuta, kifungo kimenibana kiganjani mpaka kimeacha alama. Koti la Kornel nililinunua mimi, mnada wa Kiboriloni. Kifungo cha pili kutoka juu kilikatika, na uzi wa kahawia ulikuwa umeisha nyumbani, nikashonea wa kijani. Alinicheka wiki nzima. Alikuwa anawaonyesha watu mtaani, anasema, "Oneni mke wangu, amenishonea mchicha." Siku ya kumtambua hospitalini nililiangalia koti lile. Kifungo cha pili hakikuwepo. Nikasema moyoni, kimepotelea njiani, na sikukifikiria tena.

Nikasimama. Nikamulika ndani ya mashine. Kwenye kingo za lile tundu la mbele kulikuwa na doa refu, limekauka, rangi ya kutu. Lakini kingo zile ni za plastiki. Plastiki haishiki kutu.

Elinipendo aliingia kuniomba mkasi. Akaona uso wangu, akauweka mkono wake begani mwangu. Nikamwonyesha kifungo. Halafu macho yake yakaenda dirishani, kwenye glasi.

"Gladys," akanong'ona. "Hilo isale limetoka wapi?"

"Lilikuwa juu ya katoni."

"Limepigwa fundo."

"Naona."

"Na wewe ulilipokea? Kwa mkono?"

Nilikuwa nimeshavaa sweta, isale nikalitia kwenye mkoba.

*

Mwika kulikuwa na ukungu mzito kuliko mjini. Niliuliza kanisani kwa Mama Rogath, na watu wakanionyesha njia kwa kidevu, bila maneno mengi. Njia inapita kati ya migomba na kahawa mpaka kwenye nyumba ya bati yenye zizi ubavuni. Mama mmoja alikuwa anakata majani ya ng'ombe, kichwa kimenyolewa, kimefungwa kitambaa cheusi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka wapi na baridi hii?"

"Mjini. Namtafuta Rogath. Ameniletea kompyuta."

Mundu ukamtoka mkononi.

"Ameileta lini?"

"Jumatatu. Jioni."

Akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya nyumba, katikati ya migomba. Palikuwa na kaburi, udongo bado umeinuka, mashada ya plastiki yamelowa. Msalaba wa mbao, umeandikwa kwa rangi nyeupe.

ROGATH.

"Tumemzika kabla ya Pasaka," akasema.

Harufu ilikuwa ileile. Udongo na utomvu wa mgomba.

Alinikalisha jikoni kwake, kwenye kigoda. Jina lake ni Ndelilio. Alieleza huku anaangalia moto, na mimi nilimwacha aeleze, kwa sababu kila neno nilikuwa nimeshalijua kabla hajalitoa.

"Alikuwa anaendesha pikapu ya ndizi. Siku ile alirudi na katoni, akaipandisha darini, akaniambia mama usiiguse. Hakuifungua. Miaka miwili haikufunguliwa. Akaacha kuendesha. Akaacha kula. Tulimpeleka hospitali, wakapima, wakasema hawaoni ugonjwa. Alikonda tu, mwanangu, mpaka akaisha."

"Alikwambia lini?"

"Alipokuwa hawezi tena kusimama. Nikamwambia, baba, tupeleke isale. Tuwatafute wenye mtu wao. Lakini Filemon, baba yake mkubwa, akakataa. Ndiye mkubwa wa ukoo, bila yeye isale haliendi. Akasema mkipeleka isale mmempeleka kijana jela." Alifuta pua kwa kanga. "Sasa jela gani ingeizidi hii?"

Nje, ng'ombe alilia. Ndelilio akasogea, akashusha sauti.

"Tangu tumzike, kila jioni anabisha hodi hapa jikoni. Sauti yake, naijua. Nikifungua, hakuna. Baadaye nikapanda darini, katoni haipo. Na tangu Jumatatu hajabisha tena. Nikasema, asante Mungu, mwanangu amepumzika." Akanitazama. "Kumbe amehamia kwako."

Nikalitoa isale kwenye mkoba, nikaliweka sakafuni mbele yake.

"Mama, chukua. Sikujua ninapokea nini."

Hakuligusa. Aliteremka kutoka kwenye kigoda chake, mama yule, umri wa kunizaa, akapiga magoti kwenye majivu.

"Ndiyo maana hajatulia. Umelipokea hujui. Lipokee sasa ukijua. Sema neno moja tu, mwanangu, nimzike mtoto wangu mara moja nimalize."

"Inuka, mama. Nakuomba."

"Sema nimepokea."

Nilimhurumia. Naliandika hili ili lijulikane, kwa sababu kuna watu wanasema mimi nina moyo wa jiwe. Nilimhurumia mpaka kifua kikauma. Lakini kulikuwa na kitu kingine kifuani, kimeamka jikoni pale, na kilikuwa na nguvu kuliko huruma.

"Mama," nikasema, "wewe unamsikia wako akibisha. Mimi wangu hajabisha hata siku moja. Nimekaa miaka miwili, mlango haujabishwa, hata ndotoni haji. Mwanao ndiye mtu wa mwisho kumwona. Aje aniambie Kornel alikuwaje. Akishaniambia, nitapokea."

Ndelilio alitikisa kichwa.

"Usimwulize hilo."

"Kwa nini?"

"Alinieleza mimi. Usimwulize, mwanangu. Lipokee bila kuuliza."

"Basi niambie wewe."

Akafunika uso kwa kanga na kulia mpaka nilipoondoka. Isale nililiokota. Ningeliacha pale, mambo yangeishia hapo, kwa ubaya au kwa uzuri. Nililiokota.

*

Nilifika dukani jua likiwa limebaki kidogo. Elinipendo alitaka kukaa nami, nikamfukuza kwa maneno mazuri. Nikarudisha memori mahali pake. Sasa ilikaa sawa, ikatoa ule mlio wake mdogo wa kuingia. Nikafunga kifuniko, nikawasha, nikatia CD ileile ya kwanza, ile yenye mikwaruzo.

Mstari ukatembea. Ukafika pale. Ukapita.

Windows ikaingia yote, mpaka ule muziki wake wa kufunguka ukalia ndani ya duka tupu. Kwa ufundi hakuna cha ajabu hapo. Memori ilikaa upande, sasa imekaa sawa. Ningemweleza hivyo mteja yeyote na angeridhika.

Nikazima taa ya nje. Nikafungua mlango wazi, nikasimama kizingitini na isale mkononi.

Giza likaanza kushuka...

Ukungu ukafika barazani...

"Hodi, dada."

Alikuwa pale alipokuwa siku ya kwanza. Kofia imeshuka kwenye nyusi. Viatu vikavu.

"Nimetoka kwa mama yako," nikasema.

"Najua."

"Yule mtu. Ulipomgonga. Alikufa palepale?"

Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye bati. To... to... to...

"Nijibu."

"Hapana, dada."

Neno langu la miaka miwili likaniponyoka mikononi.

"Alikuwa hai?"

"Alikuwa hai."

"Alikuwa anaongea?"

"Aliongea."

"Alisema nini?"

Aliangalia miguu yake. Akaongea taratibu sana, kama mtu anayesoma kitu ambacho amekisoma mara nyingi mno.

"Nilishuka kwenye gari. Alikuwa mtaroni, ameikumbatia katoni kifuani, imechanika. Nikasema, huyu haponi. Nikasema, angalau hii isiharibike. Nikavuta. Hakuachia. Nikavuta tena, na koti lake likaja nayo. Akasema, kaka. Akasema, kaka, nishike mkono. Kisha akaachia. Nikadhani ameishiwa nguvu..."

Akaivuta kofia chini zaidi.

"Endelea."

"Hakuwa ameishiwa nguvu. Aliiachia kompyuta ili anipe mkono. Aliunyoosha. Nilikuwa nimeshabeba."

Sikulia. Nilidhani nitalia, na sikulia. Nilimwona Kornel, yule wangu anayecheka na kila mtu, anayeamini kila mtu, ameachia kitu pekee alichokuwa amekishika, amenyoosha mkono gizani kwa mtu anayemwita kaka. Na mtu yule anapanda gari. Na yeye bado amenyoosha.

"Umepokea, dada?"

Niliahidi. Mama yake alisikia ahadi yangu. Mdomo niliufungua. Nilijua kabisa neno ni lipi, na kwamba nikilitoa, kijana huyu atalala kwenye udongo wake, Ndelilio atalala kitandani kwake, na harufu itaondoka kwenye duka langu.

Halikutoka.

Nilifunga mlango usoni pake.

*

Sasa ni miezi. Kompyuta ile inafanya kazi, ndiyo ninayoandikia haya. Ndelilio hushuka siku za soko, hukaa barazani kwa Elinipendo na kikapu chake cha ndizi, haniombi kitu, ananiangalia tu. Amezeeka. Nikimpa chai anakunywa, anasema asante mwanangu. Elinipendo haongei nami kama zamani. Juzi alinipunguzia sketi kiunoni, ya pili mwaka huu, akaniambia, "Gladys, unakonda. Msamehe mtoto wa watu aende zake." Nikamwambia nitasamehe.

Na nitasamehe. Lakini nielewe, wewe unayesoma. Nikilitoa neno lile, yeye anakwenda. Na akienda, hakuna mwingine duniani aliyemsikia Kornel akiongea baada ya mimi kumuaga. Wengine wote hawana kitu cha kunipa, hata kaburi la Kornel halina. Ni yule peke yake. Kwa hiyo jioni ikifika namfungulia, na kila jioni namwuliza jambo moja dogo. Kama mvua ilikuwa inanyesha. Kama Kornel alitaja jina langu. Hakulitaja. Niliuliza mara mbili.

Anajibu kila kitu. Nadhani hana ruhusa ya kukataa. Kila akijibu sauti yake inazidi kuchoka, na mimi nalisikia hilo, na kesho yake nauliza tena.

Jana nilimwuliza ulikuwa mkono upi.

Aliitazama mikono yake mwenyewe.

"Wa kushoto," akasema. "Ulikuwa na pete."

Pete ile nilimvisha mimi, mbele ya watu, kidole chake kilikuwa na jasho ikakataa kupita, kanisa zima likacheka. Nilisimama kizingitini nikiukumbuka mkono ule mpaka giza likawa limeshika kila kitu na yeye sikumwona tena, nikabaki na harufu yake tu.

"Umepokea, dada?" akaniuliza kutoka gizani. Alikuwa karibu kulia. "Nakuomba."

"Kesho," nikamwambia, "utaniambia aliunyoosha kwa muda gani."